Walikuwa Dhaifu Tangu Mwanzo

Mpendwa Mwalimu,

Naanza na Mwalimu kwa sababu ndilo jina uliloniachia. Siku yangu ya kwanza darasa la kwanza, pale Lupembe, nilikukimbilia kamba ya kiatu imefunguka, nikakuita Mama mbele ya watoto wote. Ulinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. "Hapa hakuna mama," ukasema. "Hapa kuna Mwalimu." Nikafunga kamba mwenyewe, vibaya, na jioni nyumbani ukashangaa kwa nini siongei. Nilikuwa sijajua Mwalimu anaishia wapi na Mama anaanzia wapi. Mpaka tunakuzika nilikuwa bado sijajua.

Nakuandikia hadharani kwa sababu na wewe ulituadhibu hadharani. Barua ya faragha ungeiita uoga. Watakaoisoma, wengi ni wanafunzi wako wa zamani, na najua watakasirika. Wakasirike tu. Uliwafundisha kusoma, basi wasome.

Lakini nikutendee haki kwanza, maana nisipofanya hivyo ungenikata alama. Ulikuwa na mikono mizuri. Ulitufumia masweta mimi na Enoki, mdogo wangu, mwanao wa kiume pekee, na baridi ya mwezi wa saba haikupita ndani ya yale masweta. Jumapili uliimba sauti ya pili kwenye kwaya. Tulipopanda kilima cha kanisani, njia ikiwa imelowa, ulimshika Enoki mkono ukamwambia, "Kanyaga nilipokanyaga." Naye alikanyaga hapohapo, kwa uangalifu, ulimi nje. Nilikuwa natembea nyuma yenu na nilikupenda sana siku hizo. Nakuambia hilo mapema kwa sababu sitalirudia.

Kosa la Enoki lilikuwa moja. Herufi hazikumkaa. Wewe ndiye uliyekuwa mwalimu wa kusoma wa kata nzima, watu walikuletea watoto kutoka vijiji vya mbali, wakalala kwa ndugu ili tu wapite mikononi mwako. Halafu ndani ya nyumba yako akatokea mtoto ambaye akiitazama "ba" na "da" haoni tofauti. Ulilichukulia kama tusi. Kila asubuhi ulimsimamisha mbele ya ubao, ufito wa mwanzi mkononi, na kila silabi aliyokosea ilikuwa na bei yake kwenye vidole. Wasiowahi kuishi huku kwetu hawajui fimbo ya asubuhi mwezi wa sita inavyouma kwenye vidole vilivyoganda.

Enoki hakuwa mjinga. Jioni, jikoni, aliniomba nimsomee ukurasa wa kesho, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka akaushika wote kichwani. Asubuhi akasimama na kitabu na "akausoma" bila kukwama hata mahali pamoja. Nakumbuka uso wako ulivyofunguka. Ukashuka toka mbele ukiwa na furaha, ukamfikia, ndipo ukaona kitabu amekishika kichwa chini. Hukumpiga siku hiyo. Ulicheka. Ukamzungusha dawati kwa dawati na kitabu chake vilevile. "Tazameni," ukasema, "Enoki anasomea miguuni." Darasa likacheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati. Mimi sikucheka, na si kwa wema. Madarasa yetu mawili yalikaa chumba kimoja, na zamu yangu ilikuwa inafuata.

Alipofika darasa la nne akapanda lori la majani ya chai mpaka kiwandani, na kutoka pale akapanda la mbao mpaka Makambako. Mtoto mdogo kiasi kile. Watu walikuja nyumbani kukupa pole, ukawapikia chai, na mmoja alipouliza nini kimemkuta kijana ulijibu bila kupandisha sauti: "Alikuwa dhaifu tangu mwanzo." Kisha ukaendelea kusahihisha madaftari.

Uliishi na jibu hilo mpaka kifo chako, na mazishi yako yalikuwa makubwa. Lazima nikusimulie, kwa sababu hukuwepo kwa namna ya kuona. Enoki alikuja. Alikuwa mtu mzima wa mabega mapana, mpakiaji wa mbao pale stoo za Makambako, amevaa koti la kuazima. Alibeba jeneza upande wa kichwa. Halafu mshereheshaji, kwa desturi, akamwita mtoto wa kiume aje asome historia ya marehemu, akampa karatasi na kipaza sauti. Enoki akasimama. Akaitazama ile karatasi kwa muda ambao watu waliudhani ni majonzi, wanawake wakaanza kulia. Mwisho akanigeukia, akasema taratibu, "Dada, soma wewe. Koo linaniuma." Nikasoma. Sentensi ya tatu ilikuwa inasema umewafundisha kusoma watoto wasiohesabika. Enoki alikuwa amesimama kando yangu, ameinamisha kichwa, anaitikia.

Sasa nikueleze kilichonitokea Njombe, kwa maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Mwaka jana tuliitwa walimu wa sayansi kwenye mafunzo kazini, wiki nzima, pale kituo cha walimu Njombe mjini. Ulikuwa mwezi wa saba, na madirisha ya ukumbi mengine hayana vioo. Tulikwenda kama tunavyokwendaga siku zote, na daftari jipya, kalamu mbili na matumaini ya vitumbua. Mwezeshaji alikuwa dada mmoja mfupi kutoka Songea, jina lake Rehema, sweta limempwaya. Hakutupa makabrasha. Alipita akiweka boksi juu ya kila meza, na ndani ya kila boksi kulikuwa na vifaranga wa siku moja.

"Hawa hawana mama," akasema. "Kazi yenu ni kwamba Ijumaa wawe hai. Vitu vya kutumia viko pale." Pale kulikuwa na maranda, maboksi matupu, vyungu, mkaa, magazeti ya zamani na mablanketi kuukuu.

Mwalimu Mligo, mzee wa kundi letu, akanyoosha mkono. "Mwezeshaji, notisi tutapata lini?"

"Hakuna notisi, Mwalimu."

"Na mtihani?"

"Mtihani ndio huo unaolia ndani ya boksi."

Tukacheka kwa adabu. Kisha tukaanza kazi, na hapa ungejivunia sisi. Tulifungua kwa sala. Tukachagua mwenyekiti, akawa Mwalimu Mligo kwa sababu ya mvi. Tukachagua mtunza muda. Katibu nikawa mimi kwa sababu ya mwandiko, ule mwandiko wako ulioniingia kupitia vidole. Tukaomba karatasi ya manila. Nikaandika kichwa cha habari kwa kalamu ya kijani, nikakipigia mstari kwa rula. Tukaandika lengo kuu. Tulipofika malengo mahususi pakawa na mjadala mzito, wengine wakitaka "kufikia mwisho wa wiki kila kifaranga aweze kuishi", wengine wakisema hapana, lengo lipimike, iwe "awe na uwezo wa kuishi kwa usahihi". Boksi lilikuwa sakafuni, chini ya dirisha lisilo na kioo. Vifaranga walilia sana mwanzoni, mpaka mtunza muda akalisogeza kidogo kwa mguu ili tusikilizane. Baadaye wakanyamaza, na mmoja wetu akasema afadhali wamezoea.

Tulimaliza kabla ya makundi mengine. Tukajipigia makofi ya kilo, yale ya darasani. Ndipo Mwalimu Mligo akafungua boksi ili tuhamie kwenye kile alichokiita utekelezaji.

Walikuwa wamerundikana kwenye kona moja, wamepandana kutafuta joto. Wa juu walikuwa wanatetemeka. Wa chini walikuwa wamekandamizwa na wenzao, wamelala vichwa vimegeuka. Mwalimu Mligo akamwinua mmoja kwa vidole viwili, akamtazama, akamlaza mezani juu ya manila yetu. Akasafisha koo. "Katibu," akasema, "andika. Vifaranga walikuwa dhaifu tangu mwanzo."

Mkono wangu ulianza kuandika, Mwalimu. Huo ndio ubaya wa mkono uliofunzwa na wewe. Nilishaandika "Vifaranga walikuwa" kwa herufi safi, zinazolingana, ndipo nikasikia sauti iliyosema maneno hayo kabla yake, jikoni kwetu, juu ya vikombe vya chai. Nikaweka kalamu chini.

Rehema alikuja. Alitazama meza, akatutazama sisi. "Wamekufa kwa nini?"

"Mwezeshaji, ni ubora wa vifaranga wenyewe," akajibu mwenyekiti wetu.

"Wale wa meza ya pili wametoka trei hiyohiyo."

Akauliza tena, bila hasira yoyote, "Mara ya mwisho nani aliwatazama?"

Hakuna aliyekuwa amewatazama. Na hapo ndipo nilipogundua mikono yangu iko wapi. Mtu mzima mimi, mke wa mtu, mwalimu niliyefundisha miaka mingi, nilikuwa nimeficha vidole kwapani. Nilikuwa nangoja ufito. Na kitu cha aibu zaidi ni kwamba niliutaka. Ukipigwa unakaa, jambo limeisha, unarudi dawatini ukiwa umelipa. Yule dada hakupiga. Aliliacha swali lake palepale mezani pamoja na maiti.

Mwenzetu mmoja akauliza kama tutapewa wengine.

"Kwani mtoto akiwatoroka shuleni mnaletewa mwingine?" Rehema akamwuliza.

"Ndiyo," akajibu Mwalimu Mligo, kwa ukweli kabisa. "Januari."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Mligo mwenyewe alisikia alichosema, nikaona anatafuta mahali pa kuweka macho. Chai ikaletwa. Rehema hakuwaondoa wale waliokufa, na sisi tukanywa chai na vitumbua vyetu kando yao, kila mtu akitazama kikombe chake. Nilimchukia yule dada wakati ule. Nilimwona katili. Baadaye nilijiuliza kwa nini neno hilo halikuwahi kunijia kwa ajili yako.

Tulianza upya na waliobaki, safari hii bila manila. Tukapasua maboksi, tukatandika maranda, tukatia makaa kwenye chungu tukakizungushia blanketi. Tulifurahi, tukafunika vizuri, na tulipofunua tukakuta wametawanyika kwenye kingo, mabawa wazi, midomo wazi, wanahema. Tulikuwa tumeanza kuwaoka. Mwalimu Mligo akataka kumwita mwezeshaji atuambie joto sahihi ni lipi. Rehema akasema waulizeni wao. Tukadhani ni mzaha. Ila ilikuwa kweli: ukikaa ukawatazama wanakwambia. Wakirundikana wana baridi. Wakikimbilia kingoni wana joto. Wakiwa wametawanyika boksi zima, huyu anakula, yule amelala, sauti zao ndogondogo zisizo na haraka, basi umepatia. Tulitoboa matundu, tukaziba, tukatoboa tena mahali pengine. Tulikosea mbele ya wenzetu siku nzima na hakuna aliyetuzungusha dawati kwa dawati.

Mimi nilikuwa nimefundisha mada ya joto tangu niajiriwe. Nilikuwa na wimbo ulionifundisha wewe, mpitisho, myuko, mnunurisho, watoto wanaupiga kwa makofi mpaka paa linatikisika. Nilikuwa nao kichwani, njia zote tatu za joto kusafiri, kwa ufasaha, na viumbe wakafa kwa baridi miguuni pangu.

Kufika katikati ya wiki Mwalimu Mligo, ambaye shuleni kwao wanafunzi wakimwona hubadili njia, alikuwa anatembea na kifaranga mmoja ndani ya koti lake, yule mdogo kuliko wote, eti kumpumzisha na msongamano. Alikwenda naye mpaka kula mchana. Alikula kwa mkono mmoja. Nilimwuliza vipi mwanafunzi wake, akasema, "Huyu si mzito kichwani, Madam. Alikuwa anakanyagwa." Kisha akamfunika kwa ukosi wa koti, na nadhani alikuwa anawataja wanafunzi wake wa zamani moyoni.

Ijumaa wale waliobaki walikuwa hai. Tukapiga picha, tukapewa vyeti.

Watu huniuliza mwalimu anapata nini kwenye mafunzo ya namna ile, ya kuchafua mikono. Wakaguzi wanauliza, wazazi wanauliza, walimu wenzangu waliobaki shuleni waliuliza kwa kejeli kama nimerudi na kuku. Nawajibu mambo ya kawaida, kwamba unapata mbinu, unapata zana, na hayo si uongo. Lakini wewe nikuambie kweli. Nilipata kukaa mahali pa Enoki. Wiki moja nilikuwa mwanafunzi asiyejua, mbele ya watu, na mwalimu wangu akaendelea kuniuliza kana kwamba naweza kujibu. Sikuwahi kufanyiwa hivyo. Nilirudi Makambako, ninakofundisha sasa, kwenye basi nikiwa na hasira ambayo sikuwa nayo hata siku ya mazishi yako, kwa sababu mpaka hapo nilikuwa nikiamini hakukuwa na njia nyingine. Nilidhani ufito ndio bei ya kujua. Kumbe ulikuwa uvivu wako. Ulikuwa mvivu, Mwalimu. Hukutaka kukaa ukamtazama.

Jumatatu niliyorudi niliuvunja wimbo, nikawapa darasa la sita maboksi. Zilikuwa fujo tupu wiki za kwanza, na wazazi wakalalamika kwamba Madam anachezesha watoto badala ya kuwafundisha. Polepole wakanyamaza, hasa baada ya kuona vifaranga wa watoto wanakua. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Mgaya, mfanyabiashara wa mbao na mwanafunzi wako wa zamani kama wengi wa Lupembe waliohamia huku, akapendezwa kiasi cha kuwachangisha wenzake wajenge chumba maalumu cha miradi, karakana yetu, pale nyuma ya madarasa, upande wa reli.

Nami nikaenda kumtafuta Enoki. Nilimkuta stoo, mbao za msindano begani, jasho na baridi ya Makambako pamoja. Tukasalimiana, "Kamwene dada," akaniletea gogo nikae. Nikamwambia, nataka nikufundishe kusoma. Sikumzungusha. Nilipotoa karatasi kwenye mkoba mabega yake yakapanda mpaka masikioni, yenyewe tu, hajui kama yamepanda. Nikairudisha.

"Dada, hayo kwangu yaliisha," akasema. "Nakula, nalala, naheshimiwa. Simu napiga kwa picha."

Nikamweleza habari za Njombe. Nikamweleza zote, na za wale waliokufa pia, na jinsi nilivyoficha mikono. Alisikiliza ameshika mbao. Alicheka pale kwa Mwalimu Mligo na Januari. Halafu akaniuliza, "Hicho chumba chenu kitakuwa na ubao?"

"Hakitakuwa na ubao. Meza tu, na vitu."

"Nitakuja kikiisha," akasema. Akafikiri kidogo. "Kama si darasa la Mama."

Nikamwahidi. Unaona sasa nilikuwa nimeshika nini mkononi. Mtu mzima aliyekataa karatasi kwa miaka yote hiyo amekubali mlango mmoja, kwa sharti moja.

Kamati ikaitwa kuamua jina la chumba. Mzee Mgaya akasimama, akasema jina liko wazi, halihitaji mjadala, kiitwe kwa jina la Mwalimu aliyewalea wengi waliomo humu. Yaani wewe. Vichwa vikatikisika ukumbi mzima. Nikaomba kusema. Nikasema naomba kisiitwe kwa jina la mama yangu, kwa sababu chumba kile ni cha watoto kukosea bila hofu, na mama yangu hakuruhusu hilo.

"Madam," akasema Mzee Mgaya, kwa upole wa mtu anayemwonea huruma mfiwa, "mama yako alitupiga tukawa watu." Akainua mkono wa kulia ili wote tuuone. "Kidole hiki hakinyooki. Ni jedwali la kuzidisha la saba. Lakini nakwambia, la saba silisahau mpaka nazikwa." Alikuwa anatabasamu. Alikuwa anakionyesha kile kidole kama mtu anayeonyesha pete.

"Na wale ambao hawakuwa watu, mwenyekiti? Wako wapi?"

"Hao Mungu hakuwajalia," akasema.

Sikuweza kumtaja Enoki. Aliye na siri ya namna ile, kumtaja mbele ya watu ni kumsimamisha tena mbele ya darasa. Kwa hiyo nikakaa. Mwenyekiti akaomba wanaokubali wanyooshe mikono, na mikono yote ikapanda, imenyooka, haraka, kama ulivyotufundisha, na kidole cha Mzee Mgaya kimepinda kati yao. Umekufa na bado darasa lako linakuitikia.

Fundi akaandika juu ya mlango neno Karakana, kisha jina lako, majina yote matatu na cheo, kwa rangi nyeusi. Ameandika vizuri, sina la kumlaumu.

Enoki alikuja mwezi uliofuata. Alikuja na lori la tajiri wake, ametuletea mabanzi ya mbao ya kutengenezea vizimba, akayapanga mwenyewe ukutani. Alipomaliza akasimama mlangoni, akavua kofia. Akatazama juu.

"Dada, hapo wameandika nini?"

"Karakana," nikasema.

"Mbona herufi ni nyingi?"

"Na jina la mtu."

"Wa hapa?"

"Wa hapa."

"Alifanya nini?"

Mwalimu, ningeweza kumwambia. Angegeuka, angepanda lori, na nisingemwona tena mlangoni pale. "Alisaidia watoto," nikasema.

"Mungu ambariki," akasema Enoki, akainamisha kichwa kidogo ili asigonge kizingiti, akaingia.

Anakuja kila anapopata nafasi, jioni, watoto wakishatoka. Hatuandiki. Tunachonga herufi kwenye vipande vya mabanzi, anazishika, anazipapasa kwa kidole gumba kama anavyopapasa mbao kutafuta ufa, na kwa njia hiyo zinamkaa. Anajua "ba" na "da". Alipozijua aligeuza vile vipande viwili mkononi, akasema ni kitu kidogo hivi. Wiki iliyopita alisoma neno lake la kwanza zima, akacheka kicheko cha mtoto yule wa kilima cha kanisani. Na juzi, akitoka, alisimama tena nje, akatazama juu ya mlango muda mrefu, midomo inacheza. "Dada," akaniambia, "ile ya kwanza ni K. Naipata. Usiniambie zinazofuata."

Kila nikimfundisha herufi nampeleka hatua moja kwako. Siku nitakayofaulu ndiyo siku atakayojua amekuwa akikaa wapi, na nani aliyemdanganya, na sijui kama atavaa kofia yake na kuondoka au atabaki. Barua hii sitaitoa hadharani kabla ya siku hiyo. Mimi ni mwalimu. Maisha yangu yote nimeomba wanafunzi wangu wawahi kuelewa. Huyu mmoja, kila jioni, namwombea achelewe.

Kaa huko ulipo. Usinisubiri.

Ni mimi,
Dada yake Enoki.